Anza na neno lililokukwaza, kitabu kitafuata

Swali: Mwalimu, hujambo? Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Kisumu, nasomea Kiswahili. Katika somo la fasihi tafsiri tumeambiwa tuandike insha ya maneno 4,000 juu ya kazi yoyote iliyotafsiriwa. Nilipeleka mada "Changamoto za Kutafsiri Fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili", ikarudishwa na neno moja pembeni: pana. Nikapeleka "Nyerere na Shakespeare", nikaambiwa wengi wameshapita hapo. Sijui Kifaransa wala Kiarabu, nina Kidholuo cha nyumbani tu, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Zimebaki wiki sita. Nichague kitabu gani?

Jibu: Sijambo, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonisimamisha ni lile neno dogo uliloliandika kama udhuru: Kidholuo cha nyumbani "tu". Liondoe. Mtu aliyelelewa na lugha moja, akasomeshwa kwa ya pili na kuchagua ya tatu kuwa taaluma yake, ana mtaji ambao wengi wanaoandika juu ya tafsiri hawana. Mada yako itatoka humo.

Kwanza hiyo iliyorudishwa. "Changamoto za kutafsiri fasihi ya Kiafrika" haina kitabu, haina ukurasa, haina hata sentensi moja mtu anayoweza kuinyooshea kidole. Ukiishika utaandika yale ambayo kila mtu anayajua: kwamba methali ni ngumu, kwamba mila hutofautiana, kwamba lugha hazilingani. Maneno 4,000 yatakwisha na hakuna utakachokuwa umekiona wewe mwenyewe. Umekua karibu na ziwa, bila shaka umewaona wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, usiku. Hakuna anayejaribu kuliangaza Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, lote. Taa huelea mahali pamoja, omena huufuata mwangaza, wavu hushuka hapo hapo. Insha yako inahitaji taa ya namna hiyo.

Ndiyo maana nakuomba uliache kwa muda swali la "kitabu gani". Jiulize ni wapi umewahi kujikwaa. Kila tafsiri ina mahali ambapo msomaji anayejua lugha zote mbili husita: neno limeongezwa, neno limemezwa, tusi limelainishwa, jina limeanza kufanya kazi nyingine. Mahali hapo ndipo mfasiri alilazimika kuamua, na uamuzi wake ndio jambo linalochunguzika. Ukishapata sehemu mbili tatu za namna hiyo zinazofanana, una mada.

Njia ya haraka ya kujizoeza ni kutazama majina ya vitabu, maana jina ni tafsiri fupi kuliko zote na mfasiri hana pa kujificha. Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, ambayo shujaa wake anatoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Dorothy Kweyu alipoitafsiri kwa Kiingereza iliitwa A Good Day. Hakuna neno lililokosewa. Lakini wewe ukisikia "siku njema", sikio lako linamalizia lenyewe: huonekana asubuhi. Jina la Kiswahili ni nusu ya methali, na nusu iliyofichwa ndiyo inayotuambia tuutazame utoto wa yule kijana. Msomaji wa Kiingereza anapata siku nzuri, basi. Je, ndani ya kitabu mfasiri amefidia vipi? Hilo tayari ni swali la insha.

Au chukua Nitaolewa Nikipenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyochezwa kijijini Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977 kwa Kigikuyu kama Ngaahika Ndeenda. Kigikuyu kina kitenzi cha mwanamke anayeolewa na kingine cha mwanamume anayeoa. Kiswahili vivyo hivyo. Kidholuo chako pia. Kiingereza kina kimoja kwa wote wawili, kwa hiyo jina la Kiingereza, I Will Marry When I Want, halikuambii anayesema ni nani, ilhali la Kiswahili limekwisha kukuonyesha binti amesimama jukwaani. Mwenzako wa Nakuru anayejua Kigikuyu angeweza kuandika insha nzima juu ya vitenzi vya tamthilia hiyo, naye asikose la kusema.

Kuna jambo moja ambalo naona wanafunzi wetu hawaambiwi. Kama ulitahiniwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, miaka ile A Doll's House ya Henrik Ibsen ilipokuwa kitabu cha lazima, basi ulisoma fasihi tafsiri kwa miaka miwili bila mtu kukutajia mfasiri. Ibsen aliiandika 1879 kwa lugha ya kwao Norwe. Yale majina ya ndege na kindi ambayo Torvald anamwita mkewe yalipita mikononi mwa mtu fulani kabla ya kufika darasani kwenu, na mtu huyo angeweza kuchagua vingine. Chukua kitabu ulichokisoma zamani, tafuta jina la mfasiri kwenye kurasa za mwanzo, ukisome upya ukimkumbuka. Utashangaa.

Kuhusu Nyerere, mhadhiri wako ana haki, ingawa mimi nisingekifunga kabisa kile kisima. Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice, imeshaandikiwa sana kwa sababu mtego wake uko wazi: mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare amekuwa wengi, tena wamekuwa mabepari, mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kila anayepita anaokota hilo. Lakini Nyerere huyo huyo alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa tena 1969. Mfasiri mmoja, mchezo mmoja, mara mbili. Anayeweza kupata matoleo yote mawili na kuyaweka kando kwa kando kwa hotuba moja tu, tuseme ile ya Antony mbele ya maiti, atakuwa na kazi safi. Sikupendekezei wewe kwa sababu Kidholuo chako kingekaa bure.

Sasa nije kwenye ninachokutakia. Soma Wimbo wa Lawino.

Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, alilitunga shairi hilo, malalamiko ya mke wa Kiacholi dhidi ya mumewe aliyeiga Uzungu, kwa Kiacholi, lugha ya kaskazini mwa Uganda: Wer pa Lawino. Kisha akalitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, nayo tafsiri ikatangulia kuchapishwa, 1966, kabla ya Kiacholi chenyewe kutoka 1969. Mwaka 1975 kikatoka Kiswahili cha Paul Sozigwa. Mwaka 2001 Taban lo Liyong akatoa tafsiri nyingine ya Kiingereza, The Defence of Lawino, kwa sababu hakuridhika na ile ya mwenye shairi. Kwa hiyo una shairi moja katika sura nne, na Kiacholi ni ndugu wa Kidholuo. Hutakielewa chote, wala usidai hivyo kwenye insha, lakini kitakufungulia milango ambayo kwa wenzako wa Kiswahili peke yake imefungwa. Tena Okot si mgeni kwenu. Aliishi Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, akifanya kazi katika idara ya chuo kikuu ya masomo ya nje, na 1968 aliasisi tamasha la sanaa papo hapo mjini.

Mwanzoni mwa toleo la Kiingereza Okot anakiri jambo ambalo wafasiri wachache wamelikiri: kwamba kwa kulitafsiri shairi lake amemkata tai mabawa kidogo, ameutia upanga wa shujaa kutu na ubutu, na ameua mdundo na vina. Mwenye kazi ndiye anayesema hivi! Wanafunzi wengi huinukuu kauli hii na kuondoka. Wewe ikamate umuulize: bawa lipi, ukurasa gani?

Nitakuonyesha moja. Lawino anapoisema dini ya wamisionari, anauliza maswali juu ya yule aliyeumba vitu: udongo wa kufinyangia aliuchimba wapi, ule wa kufinyangia mbingu, ule wa kufinyangia dunia? Katika Kiingereza Okot anamwita muumbaji huyo kwa neno lenye maana ya mtu mwenye kibiongo. Msomaji wa Nairobi au London husoma hapo akadhani ni kejeli ya mwanamke wa kijijini. Kumbe nyuma yake kuna neno la Kiacholi, Rubanga.

Kisa chake Okot amekisimulia katika kitabu chake cha 1971 juu ya dini ya Waluo wa Kati, ambao Waacholi ni miongoni mwao. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana ile, swali likageuka kuwa nani aliyewafinyanga. Wazee wakaona ni swali lisilo na kichwa wala miguu, maana watu huzaliwa na mama zao. Walipozidi kubanwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima akishikwa na ugonjwa wa uti wa mgongo hupinda, na wao husema Rubanga ndiye aliyemfinyanga hivyo. Rubanga lilikuwa jina la nguvu inayoleta ugonjwa huo. Mapadri wakapata jibu lao, na Rubanga akawa jina la Mungu kanisani.

Tazama basi hali ya mfasiri. Kwa Mwacholi, neno moja limebeba vyote viwili: Mungu anayeombwa Jumapili na kibiongo. Swali la Lawino linauma kwa sababu ya huko kubeba. Okot alipovuka kwenda Kiingereza hakuweza kuvusha vyote. Akachagua kibiongo, akaliacha jina la kanisani likazama. Mfasiri wa Kiswahili naye yuko njia panda. Akiandika Mungu, kejeli inakufa na Lawino anageuka mwanafunzi wa katekisimu mwenye maswali mazuri. Akiandika Kibiongo, anamfuata Okot, na msomaji anabaki akijiuliza huyu ni nani. Akiliacha Rubanga lilivyo, huenda Kiswahili kikahitaji maelezo chini ya ukurasa, na shairi halipendi kusimamishwa. Fungua Sozigwa uone alikwenda upande gani, tena utazame kama alikwenda upande huo huo kila mahali au alibadili njia katikati. Kisha umtazame Taban.

Hapo Kidholuo chako kinaingia kwa namna mbili. Kwanza, nyumbani kwenu Mungu ni Nyasaye, jina ambalo halikuja kwa njia ya Rubanga, kwa hiyo wewe unaona kutoka nje kidogo, na kuona kutoka nje kunasaidia. Pili, utakutana katika Kiacholi na jok, nguvu ya kiroho, nawe moyoni utasikia juogi (mizimu) na juok (uchawi) za Kidholuo, na utaharakisha kusema unajua maana yake. Usiharakishe. Maneno ya ndugu wawili hutoka mzizi mmoja yakakulia nyumba tofauti. Lakini polo ya Kiacholi na polo yako ni ile ile mbingu, na ukiona Okot hakutumia neno la kawaida la Kiingereza la mbinguni, akaunda lake lenye maana ya nchi ya juu, utaelewa mara moja kwamba alikuwa anaikwepa mbingu ya kanisani. Ni jambo dogo, nami nalipenda sana.

Kuna na ile methali ya boga, ambayo ndiyo watu huikumbuka zaidi: Te okono obur bong luputu. Kwa Kiingereza cha Okot ni boga la kwenye boma la zamani, lisingʼolewe. Tazama maneno mawili. Obur si boma la zamani tu, ni mahali palipohamwa. Watu wameondoka, mboga ya maboga imebaki inazaa, na anayepita njia akiwa na njaa anachuma. Kuingʼoa ni uharibifu usiomfaa mtu yeyote. Kiswahili kina neno lake la mahali palipohamwa, mahame, na watu wa pwani wana ganjo, ambalo ni zuri zaidi. Halafu te, shina. Kwa Kiswahili boga ni tunda, nalo hukatwa. Kinachongʼolewa ni mmea. Mfasiri wa Kiswahili ana nafasi hapa ya kukaribia Kiacholi kuliko Okot mwenyewe alivyokaribia kwa Kiingereza. Je, aliitumia? Ukurasa wa mwanzo wa tafsiri utakusaidia kujua alitafsiri kutoka lugha gani, nalo ni jambo la kulitaja mapema kabisa katika insha yako.

Nasisitiza hilo kwa sababu liliniumiza. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika kazi ndefu juu ya tamthilia ya Kirusi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Nilikuwa na Kiswahili na Kiingereza mezani, nikalinganisha, nikamshutumu mfasiri wetu kwa makosa kumi na moja. Msimamizi wangu aliniuliza swali moja: una hakika gani kwamba Kiingereza ndicho kilichosema kweli? Sikuwa na hakika yoyote. Baadhi ya yale niliyoyaita makosa huenda yalikuwa ya mfasiri wa Kiingereza. Nilifuta kurasa nyingi. Kwa hiyo chora mapema safari ya maneno: lugha ya kwanza, lugha ya kupitia kama ipo, lugha iliyofikia. Pale ambapo huna lugha ya kwanza, sema unalinganisha tafsiri mbili, na insha itasimama vizuri kwa ukweli huo.

Na hata pale unapoyaona makosa, usiifanye insha kuwa orodha yake. Nimesahihisha insha nyingi zinazosema "mfasiri amepotosha" mara ishirini, na mwisho wake hujui mfasiri alikuwa anamwandikia nani wala alitaka nini. Sozigwa alikuwa anawaandikia Waafrika Mashariki wa 1975. Jiulize msomaji huyo angesikia nini.

Juu ya nadharia, najua fomu ya pendekezo ina kisanduku chake na huwezi kukiacha wazi. Ushauri wangu ni ukijaze mwisho. Ukianza na nadharia utakwenda kitabuni kutafuta mifano ya kuitii, na utaipata, kwa sababu anayetafuta hakosi. Ukianza na Rubanga, utafika mwenyewe kwenye swali la zamani la wanatafsiri: kitabu kibaki na ugeni wake, au kizungumze kama mwenyeji? Hapo ndipo uwafungue wanadharia, nao watakuwa na kazi ya kufanya.

Kama moyo wako hauendi kwa Lawino, kuna Miaha ya Grace Ogot, riwaya ya Kidholuo ya 1983, ambayo Okoth Okombo aliitafsiri kwa Kiingereza kama The Strange Bride. Unajua miaha ni nini: bibi harusi, basi. Ugeni au ajabu yake imeongezwa na jina la Kiingereza, na mtu anaweza kufuatilia jinsi neno hilo moja linavyombadilisha Nyawir, bibi harusi mwenyewe, kabla msomaji hajamfahamu. Hapo lugha ya kwanza unayo kamili, ambayo ni baraka. Tatizo ni kwamba jozi hiyo ni ya Kidholuo na Kiingereza, nawe uko idara ya Kiswahili. Muulize mhadhiri kama atakubali utafsiri kurasa kadhaa mwenyewe kwa Kiswahili na uandike juu ya maamuzi yako. Wengine hukubali kwa furaha, wengine hawataki kusikia.

Peponi pia ni nzuri: Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis ikatoka 2022. Ndani ya Kiingereza cha Gurnah kuna maneno ya Kiswahili yanayofuatwa na maelezo, kama kifa urongo, jina analoitwa Yusuf, kijana wa riwaya hiyo. Kitabu kikirudi nyumbani, maelezo yale yanakwenda wapi? Kwa mtu asiye na lugha ya tatu, hiyo ndiyo ningempa.

Sasa vitabu vyenyewe. Tafsiri nyingi za miaka ya 1970 hazichapishwi tena, na nimeona mada nzuri zikifa kwa sababu hiyo tu. Usipeleke jina lolote kwa mhadhiri kabla nakala hazijawa mkononi. Anza na maktaba ya chuo, rafu za zamani ambazo wanafunzi hawazifiki, kisha maktaba ya taifa hapo Kisumu, kisha wauza vitabu vya mitumba. Kiacholi ndicho kitakachokusumbua kuliko vyote. Ukikosa kitabu kizima, tafuta sehemu mbili unazozihitaji katika makala ya wataalamu, na umtafute Mwacholi wa kukusomea. Usiitegemee programu ya simu kwa lugha hiyo.

Ukishavipata, chukua daftari kubwa, gawanya ukurasa safu tatu: Kiacholi, Kiingereza, Kiswahili. Nakili kwa mkono sehemu tano, si zaidi, zote za swali moja, ama Mungu na mizimu, ama mahame na nyumba. Chini ya kila sehemu andika kwa Kiswahili chako mwenyewe ungeifanyaje. Wiki ya kwanza iishe hapo. Pendekezo lako kwa mhadhiri liwe sentensi moja yenye neno, kitabu na swali, kwa mfano: namna jina Rubanga linavyohamishwa kutoka Wer pa Lawino hadi Wimbo wa Lawino, na jinsi uhamisho huo unavyobadilisha sauti ya Lawino. Hakuna atakayeandika "pana" pembeni yake.

Na ukienda nyumbani Jumamosi hii, msomee mama au dani, yaani nyanya yako, kwa sauti ile sehemu ya udongo wa kufinyangia, kwa Kiacholi, polepole, bila kumweleza ni nini. Andika kila neno atakalolitambua, na kila atakalosema si letu.